Studio ya Magunia

Jumamosi, 19 Novemba 1994

Tumepata studio. Nikija kusoma hapa baadaye nitajicheka, maana studio yenyewe ni ghala la mahindi. Paroko ametuondoa ukumbini. Hakusema anatufukuza. Alisema wanakwaya wamelalamika kwamba muziki wetu ni kelele za bati linaloanguka, na kwamba mimi, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa familia inayojulikana, sionekani vizuri na gitaa limening'inia tumboni. Wanaume wawili wa bendi hawakuambiwa chochote kuhusu matumbo yao.

Bendi inaitwa Nondo. Flavian anapiga gitaa na kuimba, Kashinje anapiga dramu, mimi napiga besi na ndimi ninayetunga. Flavian ndiye aliyetuletea muziki huu, enzi anafuata mitumba Zambia: kanda za hevi metali, tena ile ya nyimbo ndefu zinazobadili mwendo mara tano kabla hujakaa sawa kwenye kiti. Tunataka kutoa albamu nzima, nyimbo tano. Nne ni fupi. Wa tano ni Ilungu, dakika kumi na tisa. Huo wa tano ndio albamu yenyewe, hizo nyingine ni ngazi ya kuufikia.

Mashine ya kurekodia, ile ya njia nne za sauti, bruda mmoja mzungu aliwaachia vijana wa parokia aliporudi kwao. Ghala lilikuwa la ushirika. Ushirika umekufa, sasa analo Kasmir, mnunuzi wa mahindi. Magunia yamepangwa mpaka karibu na bati, katikati kuna uwazi wa ukubwa wa darasa. Juu ya uwazi tumelaza miti na kupanga magunia ya pumba yawe dari. Flavian alisimama humo ndani akapiga kofi, na kofi likafia hapo hapo.

"Umesikia, Bertila? Hakuna mwangwi hata chembe!"

Kasmir alikuwa mlangoni na funguo zake. Akasema, "Haya ni mahindi, mwalimu. Siyo ukuta."

Nikamwona ni mtu asiyejua kitu zaidi ya mizani.

22 Novemba

Mvua ya kwanza. Watoto wameacha hesabu wakakimbilia dirishani. Nimewaacha.

Jumamosi, 26 Novemba

Tumerekodi wimbo wa kwanza. Manyunyu yalikuwa yakianguka na hayakusikika kabisa. Panya alipita juu ya waya, tukarudia. Vumbi la dawa ya wadudu likampigisha Flavian chafya katikati ya ubeti wa pili, tukarudia tena. Mara ya saba ukatoka msafi, kila pigo limesimama peke yake. Flavian aliusikiliza amefumba macho, kisha akasema besi yangu iko nyuma kidogo kwenye mgeuko wa tatu. Alikuwa sahihi. Nani mwingine katika mji huu angesikia hilo? Mji mzima una watu wawili wenye masikio, mmoja ni yeye.

Jumamosi, 3 Desemba

Mwimbi kwa babu. Njia imeshaanza kuwa tope.

Babu Adriano alikuwa mtoto walipoyeyusha chuma mara ya mwisho. Ilungu lenyewe lipo mpaka leo kwenye shamba lake la ulezi, tanuru la udongo refu kuliko mlango wa kanisa, ubavu mmoja umebomoka. Wimbo wangu unafuata kazi ile tangu kuchimba udongo mpaka kutoa chuma. Nilitaka kuhakikisha sehemu ya katikati.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekuja na ule mzigo wako wa nyuzi?"

Nikamwimbia sehemu zote kwa mdomo, nikigonga meza. Alitikisa kichwa kufuata, hata pale mwendo unapokuwa wa mapigo saba, ambapo kila mtu mwingine hupotea. Nilipofika katikati, pale ambapo moto umeshawashwa, akaninyanyulia mkono.

"Hapo mnafanya nini?"

"Hapo gitaa linapiga peke yake, babu, kwa nguvu zote."

"Kwa nini? Hapo watu hawafanyi kitu."

"Hawavukuti?"

"Kuvukuta ni kwa mhunzi, baadaye, kwenye kile kitanuru kidogo. Ilungu linavuta upepo lenyewe. Mkishawasha na kuziba, mnakaa pembeni. Mnasikiliza tu. Mimi nilikatazwa hata kukohoa."

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira na mimi mwenyewe. Miezi yote hii nimejaza kelele mahali ambapo watu walikaa kimya.

10 Desemba

Wimbo wa pili umekamilika, ingawa Kashinje alifika saa sita badala ya saa tatu. Kwao ni huko chini Muze, wana ng'ombe, na kila wiki kuna ng'ombe amepotea, amezaa, au amekula mpunga wa mtu. Nilimfokea mbele ya wote. "Ukitaka kuchunga, chunga! Ukitaka kupiga dramu, njoo mapema!" Alifuta tope miguuni kwa gunia, akakaa, akapiga. Hajibu huyu mtu. Unamtukana, anakaza ngozi ya ngoma.

Naona kabisa kwamba yeye ndiye atakayetuangusha.

18 Desemba

Mvua kubwa. Hatukurekodi.

24 Desemba

Mvua. Kwaya imeimba vizuri, nakubali, japo sikutaka.

Jumamosi, 7 Januari 1995

Wimbo wa tatu na wa nne, zote kwa siku moja. Nilipaswa kufurahi.

Tulipokuwa tunakunja waya Flavian akasema, kama mtu anayesimulia habari za jirani, kwamba kuna jamaa Mbeya anatoa kanda na kuzisambaza mpaka Dar. Amemwandikia. Jamaa anataka nyimbo za dakika nne nne.

"Na Ilungu?" nikamuuliza.

"Bertila, nani atasikiliza dakika kumi na tisa za tanuru?"

"Mimi."

"Wewe ndiye uliyeutunga, mshikaji! Lazima uupende."

Nikamwambia bila Ilungu hakuna albamu. Akainua mikono, akacheka, akasema poa, poa, tutaurekodi, lakini katikati anabaki na solo yake. Nikamweleza maneno ya babu. Akasema babu hanunui kanda. Kashinje alikuwa anafungua miguu ya ngoma, akasema polepole, "Mzee ndiye aliyekuwepo." Flavian akaendelea kukunja waya. Mimi nilishangaa tu kwamba amefungua mdomo.

14 Januari

Mazoezi ya Ilungu. Flavian amejaza pale katikati mpaka hapana pa kupitisha sindano. Anapiga vizuri sana, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

21 Januari

Ng'ombe tena. Kashinje hakuja.

28 Januari

Mvua. Mahindi yamepanda bei, sokoni hakuna habari nyingine. Malori kutoka Tunduma yanazama kwenye tope na kunasuliwa na kuja tena.

Jumamosi, 4 Februari



Leo ilikuwa siku ya Ilungu. Nimefika ghalani saa mbili, mlango wazi, lori limegeuza mgongo, wapagazi wanapakia. Ukuta wote wa kushoto hakuna. Hakuna! Nimeona matofali ambayo sikuwahi kuyaona, na juu yake dirisha dogo lenye nondo. Dari yetu ya pumba imeanguka upande mmoja, dramu za Kashinje zimesukumwa kwenye kona na mtu ameweka kopo la chai juu yake.

Kasmir alikuwa anahesabu magunia. Nimemwendea na kumwambia kila kitu nilichokuwa nacho. Kwamba ni mnyonyaji. Kwamba ushirika haukufa, bali watu kama yeye waliusubiri ufe. Kwamba alituahidi mahindi yatakaa mpaka tumalize na ahadi yake haina thamani ya pumba. Wapagazi wakasimama kusikiliza. Wale wa mama ntilie ng'ambo ya barabara nao wakasimama.

"Mwalimu," akasema, "kabla hujamaliza, muulize mwenzako."

"Usimwingize mwenzangu! Mwenzangu anajua thamani ya kitu!"

Akarudi kwenye hesabu yake.

Flavian alipofika aliangalia matofali, akapumua kwa nguvu, akanishika bega. "Wafanyabiashara ndivyo walivyo," akasema. Nikalia begani mwake kama mjinga.

5 Februari

Tumejaribu hivyo hivyo. Kila pigo la ngoma linagonga ukuta na kurudi kulisumbua pigo linalofuata. Tumeacha.

11 Februari

Ukuta wa nyuma nao umeondoka. Flavian anasema imeshindikana, tuna nyimbo nne, zinatosha, kesho anapanda basi kwenda Mbeya kumwonyesha jamaa yake kanda. "Kuonyesha tu," anasema. Nimempa kanda zote.

14 Februari

Kashinje alikuja shuleni, akasimama dirishani mpaka watoto wakacheka. Anauliza kama Jumamosi tunarekodi. Nikamwambia hakuna cha kurekodi, studio imeliwa. Akasema, "Basi nije kuangalia tu." Akaenda zake.

Jumamosi, 25 Februari

Nimekwenda kwa Kasmir kuchukua waya zangu. Sikumsalimia. Alikuwa peke yake dukani, akanivutia kigoda, nikakataa kukaa. Akazungumza hivyo hivyo mimi nimesimama.

"Mwalimu, mimi ni mfanyabiashara, sikatai. Lakini yale mahindi nilisema yatakaa mpaka mmalize, na yangekaa. Mwishoni mwa Januari Flavian alikuja hapa. Alikaa hapo unapokataa kukaa. Akaniambia, mzee Kasmir, sisi tumemaliza, nyimbo zote ziko tayari, uza tu."

"Flavian?"

"Nilimuuliza, na ule mrefu wa mwalimu? Akasema mmeuacha. Mmekubaliana."

Nilikaa kwenye kile kigoda.

Sasa ni jioni na bado sijala. Aliuza ukuta wangu kwa maneno mawili na hakupata hata senti, maana hakutaka senti. Alitaka wimbo ushindwe wenyewe ili asiwe yeye aliyeukataa. Alitaka niseme mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, imeshindikana. Na nilisema, tena kwa Kashinje! Nikamlilia begani! Shati lake lilikuwa na machozi yangu na alikuwa anajua. Angenipinga mbele ya macho ningempigia kelele, tungegombana, labda angeshinda. Huyu hakuthubutu. Mtu mwenye masikio mazuri kuliko wote mjini alisikia wimbo ule vizuri kabisa, akauogopa, kwa sababu ndani yake kuna mahali ambapo yeye anatakiwa kunyamaza.

Namchukia. Naandika tena nipate kuliona: namchukia.

Na Kasmir nilimtukana mbele ya mama ntilie.

26 Februari

Nimekwenda kumwomba radhi Kasmir, mbele ya mama ntilie wale wale. Akasema, "Yamekwisha, mwalimu. Magunia sina, lakini ghala unalo. Lori langu kila Jumamosi linapita Mwimbi." Sikumwelewa mara moja. Nilipoelewa kwamba linaweza kumleta babu, nikarudi mbio.

4 Machi

Kashinje amefika saa mbili asubuhi, kabla yangu. Amepanda ule mlima wa kutoka Muze kwa miguu kwenye tope, snea, ile ngoma yake ndogo, amejifunga mgongoni kwa kanga ya dada yake. Hii ni Jumamosi ya tatu anakuja hapa, mlinzi wa ghala ameniambia. Anafagia, anakaa, anapiga Ilungu peke yake mwanzo mpaka mwisho, anarudi.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ulikuwa na hasira, dada. Sikujua kama umenibakizia na mimi."

Nilimwambia habari za Flavian. Akakaza kamba ya ngoma kwa muda mrefu. Halafu akasema neno moja la Kisukuma ambalo sitaliandika hapa, akaniomba nihesabu mwendo wa saba.

Gitaa hatuna. Nimechukua spika mbovu ya kwaya, nikachana karatasi yake kwa wembe mistari mitatu, nikachomeka besi. Imekoroma mpaka bati likaitikia. Ndiyo sauti niliyokuwa naitafuta tangu mwaka jana.

11 Machi

Mazoezi. Mvua. Mvua. Tukisubiri ikatike tutasubiri mpaka Mei.

Jumamosi, 18 Machi

Babu alishuka kwenye lori la Kasmir ameshika kofia na fimbo, amevaa koti la kanisani. Akaangalia ghala tupu juu mpaka chini.

"Kubwa hili. Mnayeyushia humu?"

"Ndiyo, babu."

Tukamweka kwenye kiti karibu na maikrofoni, aimbe wito wa wachimbaji mwanzoni na ule wa kutoa chuma mwishoni. Mbingu ilikuwa nyeusi. Kashinje akaniangalia, mimi nikaiangalia mashine, nikasema potelea mbali, nikabonyeza.

Babu akaita. Sauti yake ikazunguka kuta zote na kurudi kwetu kutoka nyuma, na Kashinje akaipokea pale iliporudi, siyo pale ilipotoka. Sikumfundisha. Amekuja peke yake Jumamosi zote zile akijifunza mwangwi wa mahali hapa, akijua kila pigo linachukua muda gani kwenda na kurudi, na sasa alikuwa analipigia nafasi yake. Tukachimba udongo, tukajenga, tukapanga mkaa na mawe. Besi ilikuwa inakoroma mpaka meno yananiuma. Kila pigo nililopiga nilimpiga mtu mmoja ambaye yuko Mbeya, sioni haya kulisema.

Mvua ikaanza tulipofika kwenye kuwasha. Matone makubwa machache, kisha yote kwa pamoja. Tulikuwa tumefika katikati. Nikainua mkono, Kashinje akashika matoazi yasilie, nami nikaziba nyuzi kwa kiganja. Tukanyamaza.

Bati lote la ushirika likaimba. Ghala tupu lilivuta ile mvua kutoka juu, likaizungusha, ikawa ngurumo moja ndefu inayopanda na kushuka na kupanda tena. Hapakuwa na gunia la kuizuia. Babu alikuwa amefumba macho. Pua ilimwasha, niliona, akaibana kwa vidole viwili asipige chafya.

Nilihesabu kichwani. Nikateremsha mkono, tukaingia wote wawili pamoja, na babu akaita chuma kitoke.

Tulipomaliza mashine ilikuwa bado inazunguka. Babu akauliza kwa Kifipa kama sasa anaruhusiwa kukohoa.

19 Machi

Nimesikiliza mara nne. Hakuna cha kurudia.

Jumatatu, 24 Aprili

Kanda zimefika kutoka Mbeya, katoni nzima dukani kwa Kasmir. Jaladani yupo Flavian peke yake, ameegemea gari la mtu. Imeandikwa: Flavian na Nondo. Nyimbo zangu nne. Jina langu halipo hata kwa herufi ndogo. Na upande wa pili, nilipougeuza, nyimbo zile zile nne zimerudiwa tena, kwa sababu walikuwa na upande mzima na hawakuwa na kitu cha kuweka!

Upande mzima!

Flavian mwenyewe amerudi na miwani ya jua. Alinikuta sokoni. "Mambo, Bertila! Umeiona kanda? Jina watarekebisha toleo la pili." Nikamwambia nimeiona. Akasema nisikasirike. Nikamwambia sijakasirika. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwake, naona ananidai mwingine mwingi.

26 Aprili

Kanda inayouzwa ina vitundu viwili mgongoni ili mtu asirekodi juu yake. Ukiziba kitundu cha upande unaoutaka kwa karatasi na gundi, inakubali kurekodiwa. Nimejaribu na moja.

Nikamwonyesha Kasmir. Akaigeuza mkononi. "Mimi nauza kanda," akasema. "Ndani kuna nini, sijui." Akanisogezea katoni kwa mguu, akaniazima na deki yake.

Mei, wiki ya kwanza

Mvua imekwisha. Kila nikitoka shule, Kashinje anaziba vitundu, mimi narekodi. Upande wa kwanza sijaugusa. Asije akasema nimemwibia chochote.

Jumapili, 14 Mei

Komunyo ya kwanza ya mdogo wake Flavian, huko Mollo. Nilialikwa, nikaenda. Kashinje naye alikuja. Turubai, pilau, pombe ya ulezi, na uani kwa mama yake ulezi mpya umeanikwa kwenye mikeka, maana ndio wanavuna. Jua kali, mbingu haina hata wingu.

Flavian alichukua kanda kwa Kasmir juzi, kwa heshima ya siku hii. Akaiweka mwenyewe kwenye deki kubwa, ile inayogeuka yenyewe upande ukiisha. Nyimbo nne zikapita. Watu wakampongeza, paroko akampa mkono na kumwambia angalau sasa inasikilizika. Yeye akasimama katikati amenyoosha shati.

Upande ukaisha. Deki ikagonga, ikageuka.

Babu akaita.

Flavian alifikiri kuna mtu anayeimba nje, aligeuka kutazama barabarani. Kisha besi ikaingia na glasi mezani zikaanza kutembea. Alinitafuta kwa macho kati ya watu wote wale, akanipata. Akapiga hatua kuelekea kwenye deki. Kashinje alikuwa amesimama mbele yake na sahani ya pilau, anakula taratibu, hapishi.

Tukafika katikati. Muziki ukanyamaza. Watu nao wakanyamaza, wakidhani imekwisha, na kutoka kwenye spika mbili kubwa mvua ya Machi ikashuka juu ya turubai.

Mama yake ndiye aliyekuwa wa kwanza. "Ulezi wangu!" akapiga kelele, akatoka mbio, na wanawake wote nyuma yake, wakaanza kukunja mikeka na kukumbatia ulezi chini ya jua lile, wakiitana kwa Kifipa, wakimwita Flavian aje kusaidia. Alibaki amesimama na miwani mkononi. Alikuwa ameelewa, kwa sababu masikio anayo.

Sikwenda kuwaambia kwamba hainyeshi. Nilikuwa nahesabu, maana zamu yangu ya kuingia ilikuwa imekaribia.